Historia Fupi ya Gari la Ndoo, na Kwa Nini Halinyanyui Gogo la Mwarobaini



Kila vuli inapokaribia, swali ninaloulizwa zaidi hapa Mukendo si la mbegu wala la dawa ya viwavi. Ni la miti ya majumbani. Mwarobaini umekua mpaka umefunika bati, mjohoro umeegemea nyaya za umeme, mwembe aliouacha marehemu mzee umeoza upande mmoja na umeinamia chumba wanacholala watoto. Mwenye nyumba anataka uondoke kabla ya pepo za ziwani kuanza. Zamani angemwita kijana mwenye panga na kamba, basi. Siku hizi ananiuliza jambo jingine: "Afisa, yale magari ya ndoo kama wanayotumia mafundi wa umeme, hayakodishwi? Mengine yana winchi na kulabu kabisa. Si wanafunga gogo pale, fundi anakata, linashushwa taratibu?"

Swali ni la maana, na anayeuliza hivyo tayari amefikiria usalama kuliko jirani yake. Jibu langu huwa fupi: ndoo ni ya kumpandisha mtu, na ile kulabu haikuwekwa kwa ajili ya gogo. Lakini jibu fupi haliwaridhishi watu, kwa sababu macho yao yameiona kulabu na winchi, na mtu haamini kwamba kulabu ipo halafu usiitumie. Kwa hiyo leo naandika historia ya chombo chenyewe. Ukijua kilizaliwa kufanya kazi gani, na ile winchi iliongezwa baadaye kwa sababu gani, utaona mwenyewe hatari inakotokea.

Kilianza shambani, si kwenye umeme

Watu wengi hudhani gari la ndoo lilibuniwa na mafundi umeme. Hapana. Lilibuniwa na mtu aliyechoka kupanda ngazi kuchuma matunda, na sisi watu wa kilimo tuna haki ya kujivunia kidogo. Jimbo la California, Marekani, mwaka 1944, Jay Eitel alishinda siku nzima akichuma cheri kwa ngazi. Cheri ni tunda dogo, usidhani ni embe. Utapanda na kushuka ngazi mara nyingi sana kabla kikapu hakijajaa. Akaanza kubuni mkono wa mashine wa kumwinua mtu, kumsogeza huku na huku na kumshusha bila yeye kuteremka. Mwaka 1953 alianzisha kampuni ya Telsta kuitengeneza. Mpaka leo Waingereza na Wamarekani huliita gari hili kwa jina lenye maana ya "mchuma cheri", hata likiwa limepaki chini ya nguzo ya umeme. Huko Kanada, katika bustani za matunda za British Columbia, Ted Trump naye alitengeneza chombo cha namna hiyo na kukiita Twiga. Hilo ni jina ambalo lingetufaa zaidi sisi.

Tazama mzigo uliokuwa akilini mwa wabunifu hao: mtu mmoja na kikapu chake cha matunda. Uzito wa mtu unajulikana, kikapu kinajaa polepole, na hakuna kinachoanguka ghafla. Mkono wote, pini zake, mafuta yake ya haidroliki na miguu ya gari vilipigiwa hesabu kwa mzigo mpole wa aina hiyo. Mpaka sasa ukisoma bango la ndoo utakuta uwezo wake ni kilo mia moja na kitu, au mia mbili, mia tatu hivi kama ni ya watu wawili. Toa fundi, toa msumeno na mafuta yake, toa vifaa vya kiunoni. Kinachobaki ni kidogo.

Mafundi umeme wanakichukua

Kabla ya hapo, kupogoa miti iliyo karibu na nyaya kulifanywa kwa ngazi, kamba na vyuma vya kupandia vinavyofungwa miguuni. Kule Pennsylvania ndugu watatu wa ukoo wa Asplundh walianzisha kampuni mwaka 1928 iliyojijenga kwenye kazi hiyohiyo ya kusafisha miti kwenye njia za umeme na simu, wakati chombo cha Eitel hakijafikiriwa. Kilipotokea, mafundi laini na wapogoa miti wote walikikimbilia, na si ajabu. Aliyewahi kukaa saa tatu juu ya nguzo amening'inia kwa mkanda anaelewa.

Ila mafundi umeme walikuwa na mahitaji mawili ambayo mchuma matunda hakuwa nayo.

La kwanza ni umeme wenyewe. Mkono wa chuma ukigusa waya wenye moto, gari zima linakuwa waya. Ndiyo maana sehemu ya mkono, na ndoo yenyewe, ikatengenezwa kwa faibaglasi isiyopitisha umeme. Kumbuka hili neno faibaglasi, nitalirudia.

La pili ni mzigo. Transfoma ilikuwa inapandishwa nguzoni kwa kapi na kamba, watu kadhaa wakivuta chini. Sasa kwa kuwa mkono wa mashine umeshafika juu, kwa nini usiuongezee kijikono kidogo pale penye ndoo, chenye winchi, kikapandisha transfoma na kuinua waya wakati fundi anabadilisha kikombe? Hivyo ndivyo ile kulabu unayoiona ilivyozaliwa. Ni kiungo cha fundi umeme.

Sasa ukipata nafasi, isogelee transfoma iliyo chini, bado haijapandishwa. Ina bango la chuma, na kati ya maandishi yake kuna uzito wake kwa kilo. Fundi anausoma, anatazama jedwali la uwezo wa kijikono, anajua kama inawezekana kabla hajafunga chochote. Halafu transfoma inaanzia chini kwenda juu, polepole, ikining'inia wima. Ikionekana nzito kuliko ilivyodhaniwa, inarudishwa chini na hakuna aliyeumia.

Gogo ni kinyume cha kila kitu hapo. Halina bango. Linaanzia juu. Limeshikwa na mti hadi sekunde ile ya mwisho ya msumeno, kisha uzito wote unaangukia kulabu kwa mpigo. Likiachia linabembea, wakati kijikono kimetengenezwa kuvutwa kwenda chini tu, si kuvutwa ubavuni. Na mtu yuko ndani ya ndoo, hatua moja kutoka hapo. Kwa mzigo wa transfoma, mashine ilipimwa. Kwa gogo, mashine inabahatisha, na fundi wako ndiye anayetangulia kujua matokeo.

Mama aliyeandika barua

Kanuni za kazi hii hazikuandikwa na maofisa waliokaa ofisini wakawaza. Mwaka 1968 mama mmoja wa jimbo la New York, ambaye mwanawe alikuwa amefia kwenye kazi ya kupogoa miti, alianza kuandika barua kwa taasisi na viongozi akidai ziwepo kanuni moja za usalama kwa kazi hiyo. Hazikuwepo. Barua zake ndizo zilizozaa kamati, na kamati ikatoa kiwango kinachoitwa Z133, toleo la kwanza mwaka 1972. Katika miaka hiyohiyo, 1969, kilitoka kiwango kinachohusu magari yenyewe ya ndoo, A92.2. Vyote vimerekebishwa mara nyingi, na bado vinatumika Marekani.

Nawatajia kwa sababu kimoja kati ya vifungu vya Z133 kinajibu swali la mzee wa Mukendo moja kwa moja: gari la ndoo lisitumike kama kreni kushusha au kupandisha vipande vya mti, isipokuwa kama mtengenezaji mwenyewe alilibuni kwa kazi hiyo. Hakisemi "isipokuwa kama lina winchi". Kinasema kama lilibuniwa. Kanuni nyingine za huko zinataka aliye kwenye ndoo avae mkanda uliofungwa kwenye mkono wa mashine au kwenye ndoo, na asijifunge kwenye mti au nguzo iliyo jirani. Fikiria mwenyewe: amejifunga kwenye mti, ndoo ikasogea, nini kinamtokea mtu aliye katikati? Na asiye fundi wa umeme anatakiwa akae angalau mita 3 kutoka kwenye waya wa hadi kilovolti 50, yeye, chombo chake na tawi analolikata. Laini zetu za mitaani za kilovolti 11 na 33 zimo humo.

Kwetu Musoma

Umeme Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1908, enzi za Wajerumani. Mwaka 1931 zikaanzishwa kampuni mbili za binafsi, na baada ya uhuru serikali ikanunua hisa kuanzia 1964, mpaka shirika likawa TANESCO tunayoijua. Sisi wa Mara tunapata umeme wa gridi kwa laini kubwa ya kilovolti 132 inayotoka Mwanza. Vijijini Bunda na Butiama nguzo nyingi ni za juzi tu, baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007.

Miti ina historia yake. Mwarobaini ulikuja Afrika Mashariki na watu wa kutoka India. Mkaratusi ni wa Australia, na kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, kilichoanzishwa 1902, kilijaribu mamia ya miti ya kigeni enzi za Wajerumani. Baada ya uhuru tulihimizwa kupanda, na tunaendelea kuhimizwa kila tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Sina ugomvi na hilo, ndiyo kazi inayonilisha. Lakini mche wa mwarobaini una urefu wa goti siku unapoupanda, na hakuna anayetazama juu. Na kwa vijiji vingi mti ulitangulia, waya ukaja baadaye kupita juu yake. Hivyo leo tuna miti ya miaka thelathini na nyaya za miaka kumi zikigombania nafasi moja.

Sheria nazo zipo. Tulirithi Sheria ya Viwanda ya 1950 kutoka kwa mkoloni, ikaja kufutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Ndani yake mashine za kunyanyulia zimetajwa waziwazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015. Lakini kijana uliyemtoa kijiweni akakate mwembe kwa makubaliano ya mdomo hana mwajiri anayemchangia popote. Akianguka, mnaotazamana ni wewe na mama yake.

Jambo jipya ni magari. Malori mengi tunayonunua ni yaliyotumika Japani, na miongoni mwake yamo yenye ndoo na yenye kreni. Wajapani ni hodari katika hili; kampuni ya Tadano ilitoa kreni yao ya kwanza ya lori inayotumia haidroliki mwaka 1955, na Aichi ni jina kubwa kwenye magari ya ndoo. Chombo ni kizuri. Tatizo ni kwamba lile bango la uwezo, lile jedwali linaloonyesha mkono ukinyooka kiasi hiki unabeba kilo ngapi, limeandikwa Kijapani. Niliona moja hapa mjini, mwendeshaji ameliziba kwa stika ya timu ya mpira. Nilipomuuliza linabeba kiasi gani, akanijibu, "Linabeba vizuri tu, kiongozi." Kijapani hatukijui, sawa, lakini tarakimu na alama ya kilo zinasomeka kwa kila mtu. Ondoa stika kwanza.

Kuna jambo lingine kwenye haya yaliyotumika. Faibaglasi haipindi kama chuma ikakuonya. Inapata ufa mdogo ndani, inabeba, inabeba, siku moja inakatika. Ufa huo unaweza kutokana na tawi lililowahi kuipiga au msumeno uliowahi kuigusa. Tena winchi ya gari la umeme hutumia kamba isiyo ya waya kwa makusudi, ili mkono ubaki haupitishi umeme. Nimesikia watu wakisifia kwamba wameibadilisha na kuweka waya wa chuma "ili iwe na nguvu". Wameongeza nguvu pasipohitajika na kuondoa kinga.

Pima gogo lako mwenyewe

Usiniamini mimi, pima. Chukua futi kamba, zungusha shina upate mzunguko kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu wa kipande unachotaka kukata, kisha zidisha kwa 80. Jibu ni kilo, kwa kukadiria kwamba mti mbichi una tani moja hivi kwa kila mita ya ujazo.

Mfano: mwarobaini wenye mzunguko wa mita 1.57, yaani unene wa sentimita 50 kwenda ng'ambo. Kipande cha mita 2. Unapata karibu kilo 394. Hapo hujahesabu matawi na majani. Hicho ni kipande ambacho kwa macho utasema vijana wanne watakibiringisha. Sasa kining'inize kwenye ncha ya mkono ulionyooka. Ndoo ya maji unaibeba vizuri ikiwa karibu na paja; inyooshe mkono mbele uone. Na gogo likidondoka hata nusu mita kabla kamba haijakaza, mvuto wa ghafla unakuwa mara kadhaa ya uzito wake. Gari linaweza kupinduka, na hapa kwetu kwenye miteremko na mawe mguu mmoja wa gari ukitua kwenye udongo laini hesabu zote zinaharibika. Lisipopinduka, gogo likikatika kamba mkono unaruka juu kama upinde, na asiye na mkanda anarushwa nje ya ndoo.

Basi ufanye nini

Kama tawi limegusa waya au liko karibu nao, usikodishe mtu yeyote. Nenda TANESCO uwape taarifa, wao ndio wanaozima laini na wenye mafundi wake. Tawi bichi linapitisha umeme, na likilowa zaidi. Kama mti uko kando ya barabara au ni mkubwa wa kukatwa kabisa, pitia kwa afisa mtendaji na afisa misitu wa halmashauri kwanza, maana si kila mti ulio mbele ya nyumba yako ni wako.

Kama ni mti wa ndani ya uwanja, mbali na nyaya, na umepata gari la ndoo, litumie kwa kazi yake: kumfikisha fundi juu. Akate kutoka juu kwenda chini, vipande vifupi ambavyo akivikadiria kwa hesabu ile havimtishi, vinavyoweza kudondoka mahali patupu. Kipande kisichoweza kudondoka, labda kwa sababu ya bati au ukuta, kifungwe kwa kamba iliyozungushwa kwenye mti wenyewe, kwenye shina imara, na aliye chini aiachie taratibu kwa kuizungusha shinani mara mbili tatu. Mzigo uwe juu ya mti, usiwe juu ya gari. Asikate kipande kilicho juu ya kichwa chake wala juu ya mkono wa mashine. Na gari lisitumike kuvuta mti uangukie upande fulani. Nimeona watu wakifanya hivyo na magari ya aina zote.

Kama shina ni kubwa na hakuna nafasi kabisa, hapo ndipo inapohitajika kreni ya kweli, yenye jedwali lake, mwendeshaji anayelisoma, na mkataji ambaye hayumo ndani ya kitu kilichoning'inia pamoja na gogo. Ni ghali, najua. Mara nyingi ukipiga bei utaona ni nafuu kukata mwezi mzima kidogokidogo kuliko kukodi kreni siku moja, na hakuna ubaya.

Kwa anayekodisha gari, mambo ya kumuuliza mwenye gari usiku kabla ya kazi ni machache: bango liko wapi, mkanda wa fundi unafungwa wapi, mbao za kuweka chini ya miguu ya gari zipo, na nani atasimama chini kuzuia watoto na kuku. Akikujibu "usijali" kwenye lolote kati ya hayo, mwambie akuonyeshe.

Mwisho, kisiki. Mwarobaini ukikatwa unachipua tena kwa nguvu, na baada ya miaka michache utarudi kwenye hesabu hizihizi. Kama uko chini ya waya, chimba uking'oe pamoja na mizizi mikubwa, ujaze shimo kwa udongo na samadi, kisha panda mpera au mlimao. Miche mizuri kwa kawaida hupatikana mvua zikishachanganya. Uje ofisini siku ya kazi asubuhi tupange nafasi, maana mlimao nao una miiba na usiupande penye mlango.